Tumbo la mama limejaa, na khalati alikufa kwa saratani ya ovari

Swali

Daktari, asalaam aleikum. Niko Kisauni, nina miaka 41. Mamangu ana miaka 67, ametuzaa saba, na hedhi ilimkatika akiwa na miaka 54. Tangu Rajabu mpaka sasa Mfungo Mosi analalamika tumbo kujaa. Ramadhani yote alifuturu tende mbili na nusu kikombe cha uji, akasema ameshiba. Zahanati ya mtaani walimpa dawa ya asidi, kisha ya vidonda vya tumbo, na hali ni ile ile. Hofu yangu ni kwamba dadake mkubwa, khalati yangu, alifariki akiwa na miaka 70 na tukaambiwa ni saratani ya ovari. Nyumbani wanasema ugonjwa ule ni wa wasiozaa, na khalati hakujaliwa mtoto, kwa hivyo mama hawezi kuupata. Isitoshe Pap smia yake ya mwaka jana ilitoka safi. Je, nitulie? Au apimwe ile damu ya kansa? Na mimi na dada zangu tuko hatarini?

Jibu

Waaleikum salaam, dadangu. Usitulie. Sisemi mamako ana saratani, maana wengi wenye tumbo kama lake hawana. Ninachosema ni kwamba tumbo lenyewe bado halijatazamwa. Ametibiwa asidi, akatibiwa vidonda, na hakuna aliyeangalia kilicho chini ya kitovu. Mama wa miaka 67 ambaye tumbo limemjaa kwa mara ya kwanza katika umri huo, likadumu miezi mitatu, na dadake alikufa kwa saratani ya ovari, anastahili altrasaundi wiki hii. Hilo ndilo la haraka. Mengine nakueleza kwa sababu najua ukilipeleka neno hili nyumbani utaulizwa maswali.

Nianze na hilo la kuzaa, maana ndilo linalowafanya walale usingizi. Wanaolisema wameshika kipande cha ukweli. Ovari ni vifuko viwili vidogo vya mayai, kimoja kila upande wa mfuko wa uzazi. Yai linapotoka kila mwezi, ngozi ya ovari hupasuka kidogo na kujiunga tena, na chembe za hapo, pamoja na za ncha ya mrija ulio jirani, hulazimika kujigawa na kujitengeneza. Kila kujigawa ni nafasi ya kukosea. Mimba husimamisha kazi hiyo miezi tisa, kunyonyesha huongeza mapumziko, na vidonge vya kupanga uzazi hufanya hivyo hivyo. Utafiti mkubwa uliokusanya hesabu za nchi nyingi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba aliyemeza vidonge kwa miaka 15 hatari yake hupungua karibu nusu, na sehemu ya kinga hiyo hudumu miaka 30 baada ya kuviacha. Kwa hivyo ni kweli, asiyezaa yuko juu kidogo, aliyevunja ungo mapema na kuchelewa kukoma hedhi vile vile, na mamako kwa watoto wake saba ameshuka kidogo.

Ameshuka, lakini hajatoka. Hapo ndipo nyumbani wanapoteleza. Kinga ya uzazi haiko sawa kwa kila aina ya saratani hii. Ni kubwa kwa aina ambazo si za kawaida sana, na ni ndogo kwa aina inayoongoza kwa wanawake wazee, ile tunayoiita serasi ya daraja la juu. Nimewatibu akina mama waliozaa wanane na tisa. Na upande wa pili, mamako ana jambo linalompandisha: kuwa na dada au mama aliyeugua huzidisha hatari takriban mara tatu. Kwa Marekani, ambako hesabu zimewekwa kwa miaka mingi, mwanamke wa kawaida hatari yake maishani ni kidogo zaidi ya 1 katika 100. Mwenye dada aliyeugua hufika kati ya 3 na 5. Bado wengi sana hawataugua, lakini si hesabu ya kupuuza pale tumbo linapoanza kujaa.

Jambo kubwa kuliko yote ni umri wenyewe. Watu hudhani hedhi ikikatika ovari zimestaafu na maradhi yake yamestaafu nazo. Ni kinyume. Saratani hii ni adimu kabla ya miaka 40, huanza kupanda miaka ya hamsini, na huendelea kupanda hadi miaka ya sabini. Huko Marekani nusu ya wanaogunduliwa wana miaka 63 au zaidi. Ulimwenguni, mwaka 2022 pekee, waligunduliwa zaidi ya wanawake 320,000, na zaidi ya 200,000 walifariki. Hesabu hiyo ya pili ikilinganishwa na ya kwanza inakueleza tabia ya ugonjwa: unajitokeza ukiwa umeshaenda mbali.

Kwa nini unachelewa kuonekana? Si kwa sababu wanawake ni wazembe. Aina hii ya serasi, mara nyingi, haianzi hata kwenye ovari. Inaanza kwenye ncha ya mrija wa uzazi, pale penye nyuzi laini kama matamvua ya shali, zinazoipangusa ovari na kulipokea yai. Ncha hiyo iko wazi ndani ya tumbo. Chembe mbaya zikizaliwa hapo hazihitaji kutoboa ukuta wowote ili zisambae. Hudondoka tu na kutua juu ya ovari, juu ya utumbo, na juu ya ule utando wa mafuta uliotandazwa mbele ya matumbo. Mbuzi wa Idi akipasuliwa umeuona utando huo, mweupe, wenye vitundu kama wavu. Wetu uko vivyo hivyo. Chembe zikishika hapo huanza kutoa maji, na maji hayo ndiyo yanayojaza tumbo. Hakuna donge moja la kuuma, hakuna damu, hakuna jeraha. Mama anahisi ameshiba, basi.

Kuna mama mmoja nisiyemsahau, na ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Alivuka feri kutoka Likoni na binti yake, ana miaka 71, na miezi minane ya dawa za vidonda vya tumbo ndani ya mfuko wa plastiki. Alipokaa nikaona pete yake ya ndoa imezungushiwa uzi mweusi isimtoke kidoleni. Mikono imekonda, shingo imekonda. Alipovua buibui, ukanda wa gaguro lake ulikuwa umefumuliwa na kuungiwa kitambaa cha rangi nyingine kiunoni. Pete inapwaya na gaguro halifungi. Binti alikuwa ameuunga ukanda ule kwa mkono wake mwenyewe, wala hakuwaza kitu, kwa sababu dera humsitiri mtu na kumficha pia. Nikamlaza, nikamgonga tumbo kwa vidole. Tumbo la gesi hulia kama ngoma. Lake pembeni lilitoa sauti nzito, kama unapogonga dafu lililojaa maji, na nilipomgeuza ubavu sauti ile nzito ikahama naye. Tulitoa lita nne. Alifanyiwa upasuaji, akapata dawa, akaishi miaka mitatu na ushei na akamwoza mjukuu wake. Naamini angepata zaidi kama miezi ile minane isingeliwa na vidonge vya asidi.

Tangu siku ile nikimpokea mama mzee mwenye tumbo, humuuliza bintiye kuhusu nguo kabla ya kuuliza maumivu. Nawe fanya hivyo. Angalia kama nguo za kiunoni zimembana huku mabega yamepungua.

Dalili zenyewe ni nne, na zote zina majina ya kawaida: tumbo kujaa au kuvimba, maumivu ya tumbo au ya kinena, kushiba haraka au kushindwa kula, na kwenda haja ndogo mara kwa mara au kubanwa ghafla. Kila mwanamke amewahi kuzipata. Kinachozitofautisha ni upya na mfululizo. Kama zimeanza ndani ya mwaka huu, na zinamshika zaidi ya siku 12 kwa mwezi, zinahitaji kuchunguzwa. Zile tende mbili na nusu kikombe cha uji, futari baada ya futari, mwezi mzima, kwangu mimi zinatosha. Miongozo ya Uingereza inamwambia daktari wazi kwamba mwanamke aliyepita miaka 50 akija na dalili mpya za tumbo linalosumbuliwa na gesi na choo kisichotulia, afikiriwe ovari, kwa sababu maradhi hayo ya utumbo ni nadra kuanza katika umri huo. Huku kwetu majina ni mengine. Tunasema gesi, tunasema vidonda, na akina bibi husema chango. Neno chango silidharau. Limewasaidia wanawake wengi kusema kwamba wanaumwa mahali ambapo haya huwazuia kupataja. Ila chango la msichana wa miaka 20 na chango lililoanza baada ya miaka 60 si kitu kimoja. Kama mama anakunywa kombe, anywe, na dua isomwe, na altrasaundi ifanywe wiki hiyo hiyo.

Kuna mambo ya kumkimbiza hospitali bila kungoja miadi: kutapika na kukosa choo na hata upepo, mguu mmoja kuvimba na kuuma (saratani hii hugandisha damu kwenye mishipa), au kukosa pumzi akilala chali. Damu ukeni baada ya hedhi kukatika, hata tone moja, nayo ichunguzwe. Mara nyingi inaelekeza kwenye mfuko wa uzazi, lakini kuna aina ya uvimbe wa ovari unaotoa homoni na kuleta damu hiyo.

Sasa Pap smia. Nashukuru kwamba aliifanya, na matokeo yale ni ya kweli kwa kile kilichopimwa. Kipimo kile huchukua chembe kwenye mlango wa kizazi na kutafuta saratani ya hapo, ile inayoletwa na virusi vya HPV. Ovari ziko juu, ndani, hazifikiwi na brashi ile. Pap smia safi haisemi lolote kuhusu ovari, kama vile kufunga mlango wa mbele vizuri hakukuelezi kama dari inavuja. Wauguzi wetu wana kazi nyingi na mara nyingi humwambia mama, "Uko sawa." Wangesema, "Mlango wa kizazi uko sawa," wangeokoa watu.

Damu uliyoitaja inaitwa CA-125. Hapa naomba unisome polepole, kwa sababu kipimo hiki kinauzwa siku hizi kama karanga. Ni protini inayopanda kwenye damu wakati utando wa tumbo umechokozwa, na saratani ya ovari ni mojawapo ya vichokozi. Kiwango cha kawaida huwekwa chini ya 35. Hupandishwa pia na hedhi, mimba, faibroidi, ini lililoharibika, moyo uliochoka, na kifua kikuu cha tumbo. Hicho cha mwisho kina uzito kwetu: kinaweza kujaza tumbo maji, kumkondesha mtu, na kuipandisha CA-125 mpaka mia kadhaa, na kikatibika kwa dawa za TB. Nimeshaona familia imeanza kuaga mtu kwa sababu ya karatasi ya maabara, kumbe ni TB. Na upande wa pili, saratani ikiwa bado changa, karibu nusu ya wagonjwa CA-125 yao huwa haijapanda. Kwa hiyo karatasi peke yake haihukumu na haiachilii.

Hata hivyo kwa mamako ipimwe, kwa sababu ana dalili, na kwa aliyekoma hedhi kipimo hiki husema vizuri zaidi kuliko kwa msichana. Madaktari wengi hutumia hesabu inayozidisha vitu vitatu: alama za altrasaundi, namba ya CA-125, na hali ya hedhi. Aliyekoma hedhi huzidishiwa mara 3. Tuseme CA-125 ni 60 na altrasaundi imeonyesha dalili mbili za mashaka, ambazo pia hupewa 3. Ni 60 mara 3 mara 3, inakuwa 540. Ikipita 200 mama hupelekwa kwa bingwa wa saratani za uzazi, asiguswe kisu na mwingine. Msichana mwenye picha ile ile na damu ile ile angepata 180. Umri umo ndani ya hesabu yenyewe.

Kumpima mwanamke asiye na dalili ni jambo tofauti. Uingereza waliwafuata wanawake zaidi ya 200,000 wa miaka 50 hadi 74, wengine wakipimwa CA-125 au altrasaundi kila mwaka, wengine wakiachwa, na matokeo ya mwisho ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kupimwa hakukupunguza vifo. Marekani nao walipata jibu kama hilo mwaka 2011, na baadhi ya wanawake walifanyiwa upasuaji ambao hawakuuhitaji. Ndiyo maana simwambii kila mama wa Mombasa akanunue kipimo hicho. Nakwambia wewe kwa sababu ya tumbo la mamako.

Altrasaundi iliyo nzuri hufanywa kwa njia ya ukeni, kwa sababu ovari ya mama wa miaka 67 imesinyaa, ni kama lozi, na picha ya juu ya tumbo huikosa kwa urahisi. Mueleze mapema, mkiwa wawili, ili asishtukizwe mle chumbani. Ana haki ya kuomba mpimaji mwanamke, na ana haki ya kuwa nawe ndani. Akikataa kabisa, ifanywe ya juu ya tumbo kibofu kikiwa kimejaa. Ikionyesha maji au uvimbe, imeshajibu swali. Usiogope kila kinachoitwa uvimbe wa maji. Kifuko chenye ukuta mwembamba, maji safi, kisichofika sentimita 5, na CA-125 ya kawaida, mara nyingi hakina ubaya hata kwa mzee, hurudiwa kupigwa picha baada ya miezi michache tu. Kinachotutia wasiwasi ni kifuko chenye vyumba vingi, chenye nyama ndani, kilicho pande zote mbili, au chenye maji tumboni. Na mtu asikubali kifuko cha ovari kichomwe sindano ili kinyonywe, kwa sababu kama ni saratani imemwagwa. Maji ya tumboni ni tofauti, hayo hutolewa kumpa mgonjwa nafuu na kupelekwa maabara. Yanapelekwa maabara, hayamwagwi kwenye sinki.

Mambo mengine yanayoongeza hatari nayapitia kwa haraka. Unene huongeza kidogo. Endometriosi, yaani ngozi ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, huongeza aina mbili ambazo huwa za wanawake wasio wazee sana. Sigara inahusishwa na aina moja tu. Vidonge vya homoni vya kutuliza joto la kukoma hedhi vikitumiwa miaka mitano kuanzia miaka 50 huongeza takriban mgonjwa mmoja kwa kila wanawake 1,000. Poda je? Hilo huulizwa sana hapa kwetu kwa sababu ya joto, na wengi wamelelewa wakijipaka poda chini tangu wadogo. Mwaka 2024 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka talki, ule unga wa madini unaotiwa kwenye poda, katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Ongezeko lenyewe, kama lipo, ni dogo, na sitaki mama yeyote alale akijilaumu kwa poda ya miaka arobaini iliyopita. Ila hakuna faida ya kuendelea nayo sehemu hizo. Maji na nguo ya pamba yanatosha. Udi, ndimu, pilipili na kijicho cha jirani havimo.

Sasa wewe na dada zako. Khalati kwako ni wa daraja la pili, kwa hivyo hatari yako imepanda kidogo tu, mradi mamako awe salama. Kinachoweza kubadilisha hesabu ni jeni. Kati ya 15 na 25 katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya ovari wamerithi hitilafu ya jeni, na jeni zinazojulikana zaidi kwa hilo ni BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995. Mwenye BRCA1 mbovu hatari yake hupanda hadi kati ya 40 na 60 katika 100. BRCA2 ni kati ya 13 na 29, na huelekea kuchelewa zaidi. Kuna pia ugonjwa wa kurithi uitwao Lynch, unaoandamana na saratani ya utumbo mpana na ya mfuko wa uzazi. Kwa hiyo kaa na wazee uchore ukoo kwenye karatasi. Uliza nani alikuwa na saratani ya titi kabla ya miaka 50, nani ya utumbo, nani ya tezi dume iliyomuua. Uliza kwa uangalifu kuhusu wale waliokufa kwa "kansa ya tumbo" au "maji tumboni", maana chini ya majina hayo ndiko saratani nyingi za ovari zilikozikwa. Na usiulize upande wa mama peke yake. Hitilafu hizi hupitia kwa baba sawasawa na kwa mama. Mwanamume huibeba, haugui ovari kwa kuwa hana, na humwachia binti yake. Binti wa mbebaji, awe ni baba au mama, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Kama mamako atapatikana na saratani, yeye ndiye apimwe jeni kwanza, kwa sababu jibu lake linatuonyesha cha kutafuta kwenu na pia husaidia kuchagua dawa zake. Akiwa na hitilafu, mabinti wote mpimwe. Mwenye hitilafu ya BRCA1 aliyemaliza kuzaa hushauriwa kutolewa mirija na ovari kati ya miaka 35 na 40, mwenye BRCA2 kati ya 40 na 45, na hilo hupunguza hatari karibu asilimia 80. Wewe una miaka 41, ndiyo maana sitaki swali hili lilale. Kama hakuna hitilafu ya jeni na ukoo uko safi, huhitaji CA-125 ya kila mwaka. Lakini siku yoyote ukija kufunga kizazi au kutolewa mfuko wa uzazi kwa sababu ya faibroidi, mwombe daktari aitoe mirija yote miwili badala ya kuikata au kuiacha. Ukishamaliza kuzaa haina kazi nyingine.

Ikiwa ni saratani kweli, jambo moja nakuomba ulilinde: asitokee mtu barazani akasema, "Huyu ni mzee, tusimsumbue." Miaka 67 si kigezo. Tunachoangalia ni kama anatembea mwenyewe kufika sokoni, anajioshea, figo na moyo vinafanya kazi, sukari na presha vimeshikwa. Tiba ni upasuaji wa kutoa uvimbe wote unaoonekana na dawa mbili, kabopletini na paklitakseli, kwa kawaida mizunguko sita, kila baada ya wiki tatu. Akiwa dhaifu sana mwanzoni tunaanza na dawa, maji yanapungua, anarudi kula, kisha anapasuliwa. Zamani madaktari waliwapunguzia wazee dawa kwa huruma, wakiwapa moja badala ya mbili. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa wanawake wa miaka 70 na zaidi waliokuwa dhaifu, na waliopewa dawa moja peke yake waliishi muda mfupi zaidi. Huruma ile iliwapunja.

Sitakuficha kwamba ikiwa imeenea, ni kama 3 katika 10 wanaokuwa hai miaka mitano baadaye, na kwa wengi hurudi. Ikikamatwa ingali kwenye ovari, ni zaidi ya 9 katika 10. Hizo ni hesabu za Marekani, ambako matibabu hayakatiki kwa sababu ya nauli. Na mamako aambiwe ukweli kwa kiasi anachouliza yeye. Wazee wetu hugundua kimya cha watoto wao kabla ya kugundua ugonjwa.

Kwa hivyo wiki hii: nenda naye Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara, au kliniki ya daktari wa wanawake unayoiweza. Kabla ya kutoka hakikisha SHA yake, bima ya afya ya serikali, imelipiwa na inasoma, maana mambo ya saratani ni gharama na hutaki kulihangaikia hilo dirishani. Bingwa wa upasuaji wa saratani za uzazi ni wachache nchini, huenda mkapelekwa Nairobi. Mkiambiwa hivyo msione mmetupwa, ni kwa sababu upasuaji wa kwanza ukifanywa na mkono usiouzoea hauwezi kurudiwa ukawa wa kwanza tena. Chukua dawa zote alizomeza zikiwa kwenye pakiti zake, ile karatasi ya Pap smia, na ripoti yoyote ya khalati mliyobaki nayo, hata cheti cha kifo. Na ukikaa mbele ya daktari usianze na gesi wala vidonda. Mwambie hivi, kwa maneno haya haya: "Dadake alikufa kwa saratani ya ovari, yeye ana miaka 67, tumbo limeanza kujaa Rajabu na chakula hakiingii, na hajawahi kupigwa altrasaundi."